Mbwa wa Mifupa, Mbwa wa Krokete

Jumatatu, 6 Machi 2000

Machinjioni Butembo tangu asubuhi. Ukungu, baridi. Ng'ombe watatu kutoka Lubero, mbuzi wengi. Pafu moja bovu, nikalikata na kulitupa shimoni. Mwenye nyama akanuna. Wino wa muhuri umeisha tangu mwaka jana. Nagonga muhuri mkavu, nyama inabaki na alama ya chuma tu, watu wanaridhika. Mimi pia naridhika. Serikali iliyonipa huu muhuri iko Kinshasa, ng'ambo ya vita. Ile ya waasi iliyopo hapa inaniambia niendelee na kazi. Mshahara, hapana.

Wanawake wa supu walichukua vichwa na miguu. Mama Kahindo, mwenye nyumba ninayokaa, alichukua mifupa. Mingine ya supu anayouza, mingine ya mbwa wake wawili, Jamais na Sawa. Anawatupia mbichi palepale uani. Leo kaniuliza tena kama si vibaya. Nikamjibu tena: mfupa mbichi wa ng'ombe hauna neno, uliopikwa ndio unaovunjika kama kijiti na kutoboa matumbo. Akacheka. Aliishalijua hilo kabla sijazaliwa. Anapenda tu kulisikia kwa docta.

Mimi si docta. Ni msaidizi wa mifugo, cheti cha sekondari, A2. Nimeacha kuwasahihisha.

Mbwa wake wanang'aa. Wezi wamepita nyumba nyingi za mtaa huu mwaka huu. Hapa hawajagusa.

Alhamisi, 9 Machi

Patron Muyisa, mfanyabiashara, kaniita depo, kwenye ghala lake. Magunia yamefika kutoka Kampala, yamepangwa hadi juu, na picha ya mbwa mwenye ulimi nje. Krokete. Watu wanaziita biskwi ya mbwa. Wanakuja kuziangalia, wanacheka, wanaondoka. Nani atamnunulia mbwa chakula cha gunia wakati watoto wanakula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi?

Patron hacheki. Anataka niseme redioni. Niseme nyama mbichi na mifupa inaleta larage, kichaa cha mbwa. Nikamwambia si kweli. Kichaa kinatoka kwa meno ya mbwa mgonjwa, hakitoki kwenye sahani.

"Docta, sikuombe uongo," alisema. "Sema tu iko danger. Danger si uongo."

Akazungumza mambo mengine, bei ya mafuta, barabara ya Kirumba. Mwishoni, nikiwa mlangoni, akasema phonie yake, ile redio ya kuongea na miji ya mbali, itakuwa huru Jumapili mchana. Hakusema "ukikubali." Hakuwa na haja.

Mke wangu Astrida na watoto wako Kindu. Nilitumwa huku kwa miaka miwili. Vita vikakata njia. Posta hakuna. Phonie ya Patron ndiyo pekee inayoongea na Kindu, kwa kuwa ana mshirika kule wa biashara ya mchele.

Jumapili, 12 Machi

Nimeongea na Astrida.

Sauti yake inaingia na kutoka kama mtu aliye mtoni. Binti yetu Dorcas ameng'oka meno ya mbele. Mama yangu anaumwa miguu, haendi tena shamba. Mchele upo. Askari walipita, hawakuchukua kitu kikubwa. Kila akimaliza anasema "à vous", zamu yako, na mimi nasahau kusema, tunabaki wote wawili tunasubiri kwenye makelele. Aliuliza narudi lini. Nikasema karibuni. Vijana wa depo walikuwa wamesimama nyuma yangu wanasikia. Sikuona haya kulia mbele yao.

Jioni niliandika maneno ya redio. Karatasi moja. Nililichagua kila neno ili lisiwe uongo kamili. "Yaweza." "Mara nyingine." "Wataalamu wengine." Nimejivunia hizo "yaweza." Najichukia kwa kujivunia.

Jumanne, 14 Machi

Nimesema redioni, baada ya matangazo ya vifo.

Nilianza vizuri na karatasi yangu. Patron alikuwa upande wa pili wa kioo. Nilipofika mwisho akanionyesha kwa mkono: endelea. Nikaendelea. Nikasema mbwa anayekula nyama mbichi anazoea damu, na akizoea damu kichaa hakiko mbali. Nikasema mbwa wa krokete hana hatari kwa mtu. Hayo hayakuwa kwenye karatasi. Yalitoka yenyewe, kwa sauti nzuri, ile sauti ninayotumia kwa wanafunzi wa stage wanaokuja kujifunza kazi.

Mwenye redio alinipongeza. Patron alinipa sukari na sabuni. Nilizichukua.

Nimeoga mara mbili. Bado najisikia mchafu.

Jumamosi, 18 Machi

Magunia yanatoka. Wanajeshi wakubwa wamenunua. Wafanyabiashara wenye mageti wamenunua. Watu wa kawaida wanapima kwa kikopo, wanachanganya na bugali baridi. Sokoni wananiita "docta ya redio." Wananipisha njia.

Machinjioni mifupa imebaki chini. Nzi.

Mama Kahindo kanisubiri mlangoni.

"Docta, ni weye ulisema mifupa iko mzuri. Juzi tu."

Nikamwambia elimu inaendelea. Kila siku wanavumbua. Alinitazama muda mrefu. Si kwa hasira. Alikuwa anajaribu kunisaidia, anatafuta namna ya kuniamini. Kisha akasema basi, atafanya vile docta anasema.

Krokete hawezi kununua. Kwa hiyo anakwenda depo kila asubuhi, anawaomba vijana wamruhusu afagie zile zinazomwagika magunia yakishushwa. Anazileta kwenye kanga. Sawa anazila. Jamais anazinusa, anakwenda kulala.

Mwanamke wa umri wake. Anafagia depo ya watu kwa sababu ya maneno yangu.

Jumatano, 22 Machi

Mbaya.

Kamanda wa askari wa hapa ametoa amri: mbwa wote wanaozunguka machinjio wauawe. "Mbwa wa mifupa." Jina hilo limezaliwa na maneno yangu ya redioni. Askari wawili na vijana wa mtaa na fimbo. Nilikuwa bureau, ofisini kwangu, nikasikia risasi, nikafikiri ni Mai-Mai, wapiganaji wa msituni, wameingia. Watu wakakimbia. Kisha tukasikia vicheko.

Sawa alikuwa ametoka uani kufuata harufu ya kule alikozoea. Walimpiga risasi mbele ya shimo la taka. Jamais, Mama Kahindo alimfungia jikoni na kukaa mlangoni. Askari alimwambia atoke. Akamwambia amwue yeye kwanza. Askari ni mtoto wa watu, aliona haya, akaenda.

Mzee mmoja mwindaji, mwenye shamba njia ya Mangina, alikuwa amekuja mjini kuuza ngozi, akifuatwa na mbwa wake watatu wenye kengele shingoni. Wote watatu waliuawa. Alikaa barabarani, akazivua kengele moja moja, akazitia mfukoni. Alipita mbele ya bureau yangu. Zilikuwa zinalia mfukoni mwake kila hatua.

Nilimsaidia Mama Kahindo kuchimba kaburi la Sawa. Nilishika jembe. Tulipomaliza akasema "wasingya", asante. Kwangu. Nikamwambia si kitu.

Jumapili, 26 Machi

Phonie. Astrida hakuja. Mtu wa Kindu alisema pengine mvua, pengine mgonjwa nyumbani. Nilikaa kando ya lile sanduku mchana kutwa. Wote wakaenda misa ya jioni, nikabaki.

Nilijiambia: ndiyo haya uliyonunua.

Jumatatu, 3 Aprili

Sentinele, mlinzi wa depo, amekuja kuniita kwa siri. Prince, mbwa wa Patron, hataki kula. Prince ni yule mkubwa mweusi aliyekuja na lori kutoka Kampala, hajala kitu kingine ila krokete tangu aletwe. Patron huwa anamwonyesha wateja: angalieni manyoya, angalieni meno.

Nilimkuta chini ya lori. Taya limelegea. Mate yanashuka kama kamba. Maji yamewekwa mbele yake, anayatazama, hawezi. Alijaribu kubweka, ikatoka sauti ya mtu aliyekabwa. Sentinele alisema amekwamwa na mfupa. Mbwa huyu hajawahi kuona mfupa.

Najua ni nini. Nilijua kabla sijainama.

Nikamuuliza Patron kuhusu chanjo. Akasema karatasi zilibaki Kampala. Kisha akasema, na hakuwa anatania, aliamini kweli, "Lakini anakulaka krokete, Docta. Weye mwenyewe ulisema."

Nikamwambia huyu ana larage, afungwe kwa mnyororo ndani, mtu asikaribie, na watu waambiwe. Kufunga alikubali. Kuambia watu, hapana. Depo imejaa. Akaniomba nisubiri kidogo, mbwa atakufa mwenyewe, mambo yatakwisha. Macho yake yalikuwa mekundu. Anampenda yule mbwa.

Nikasema sawa, tusubiri.

Ni mimi niliyesema. Mwenye kazi ya kuwaambia watu.

Jumatano, 5 Aprili

Prince alikata kamba. Walimfunga kwa kamba, si mnyororo.

Alimuuma Mama Kahindo. Mkono wa kuume, kati ya kidole gumba na kiganja. Alikuwa amepiga magoti anafagia krokete za Jamais. Prince alitoka nyuma ya magunia bila kubweka, akauma, akaachia, akaenda kujigonga ukutani. Vijana wakamfungia chooni.

Nilimkuta nyumbani, ametia majivu kwenye kidonda na kufunga kitambaa. Ananitania.

"Bahati yangu, Docta. Imbwa ya biskwi ndo imeniuma. Kama ingekuwa ya mifupa ningekuwa na woga."

Nilipeleka maji na ile sabuni ya Patron. Nilifungua kitambaa, nikaosha majivu, nikaosha kidonda, nikaosha tena na tena mpaka maji ya ndoo yakaisha na nikaomba mengine. Alisema namuumiza. Alisema mbona naosha kama nafua nguo. Nikasema ni vizuri kusafisha.

Hilo tu. Ni vizuri kusafisha.

Mdomo wangu ulikuwa pale, masikio yake yalikuwa pale. Sikusema. Nilifikiri redio, nikafikiri watu wa sokoni, nikafikiri mzee na kengele zake. Nilifikiri phonie pia. Naandika hivi ili nisije kujidanganya baadaye: nilifikiri phonie.

Alhamisi, 6 Aprili

Prince amekufa. Nilipofika walikuwa wamemzika nyuma ya depo, amefungwa kwa shuka mpya. Patron alisema mtu akiuliza tuseme nyoka. Vijana wakaitika. Akanigeukia. Nikaitika.

Nilirudi nyumbani mchana. Mama Kahindo alikuwa ameniwekea bugali na sombe, amefunika na sahani. Amepika kwa mkono wa kushoto. Nilikaa mbele ya chakula hicho. Nikala tonge moja. La pili nililirudisha sahanini.

Nikaenda jikoni, nikamwambia.

"Mama, ile imbwa ilikuwa na larage."

"Ile ya biskwi?"

"Ndiyo. Imekufa leo."

"Lakini ulisema mu radio..."

"Nilisema uongo, Mama."

Aliweka mwiko chini. Hakupiga kelele. Ningependa apige kelele.

"Ulijua siku gani?"

"Siku ya kwanza kuiona, Jumatatu."

"Mbele ya kuniuma."

"Mbele."

"Na jana uko unaninawisha mukono, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Moshi ulikuwa mwingi mle ndani. Jamais alikuja kulala miguuni mwake. Alimtazama yule mbwa kwanza, kabla ya kuutazama mkono wake.

"Basi Sawa alikufa bure," alisema.

Akaniuliza kwa nini nilisema vile. Nikamweleza: phonie, Astrida, watoto. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama atakufa. Nikasema tukipata sindano upesi, hapana. Akauliza ziko wapi. Nikasema sijui, lakini kesho tunakwenda kuzitafuta.

Akasema nitoke jikoni mwake.

Ijumaa, 7 Aprili

Beni. Naandika kwenye benchi ya hospitali.

Butembo hakuna chanjo. Tulianza huko asubuhi, wakatuonyesha friji tupu yenye chupa za maji. Muuguzi alisema masista wa Beni huenda wanazo. Tukapata pickup ya kabichi na vitunguu. Mama Kahindo alikaa mbele na dereva. Mimi juu ya kabichi na watu wengine. Hakuniambia neno tangu jana ila "leta ule mufuko."

Kwenye bariere, kizuizi cha askari katikati ya njia, walitushusha wote. Askari mmoja alitaka vitu vya Mama Kahindo. Nikasema huyu ni mgonjwa, ameumwa na mbwa, tunawahi sindano. Askari akanitazama.

"Rudia kusema," akasema. "Hiyo sauti. Yo nde docta ya radio? Ni weye?"

Nikasema ndiyo.

Akafurahi. Akawaita wenzake, docta ya redio huyu hapa. Wana mbwa pale bariere, wa rangi ya udongo, wamemfunga kwenye mti, wanampa krokete za kamanda. Akaniuliza kama wanafanya vizuri. Watu wote wa pickup walikuwa wanasikiliza. Mama Kahindo alikuwa dirishani, uso mbele.

Ningeweza kusema ndiyo. Tungepita upesi.

Nikasema nilidanganya. Nikasema krokete ni chakula tu, haizuii kitu, na mifupa haileti kichaa, na mbwa aliyemuuma huyu mama hakuwahi kula kitu kingine ila krokete. Nikasema mbwa yeyote anayeuma, hata wa kamanda, mtu aoshe kwa sabuni na kukimbia hospitali. Sauti yangu haikuwa ile nzuri.

Askari hakucheka tena. Alisema, "Donc, basi tulipiga mbwa za watu bure?" Nikasema ndiyo. Alisema mmoja wa waliopiga alikuwa yeye. Alinipiga kofi. Si kali sana. Kisha akafungua bariere, akasema twende, mama asichelewe. Hawakuchukua kitu.

Wanawake wa kwenye kabichi walisogea mbali nami.

Sista aliye na funguo alisema chanjo ni chache sana, amezitunza kwa ajili ya wafanyakazi wake. Aliuliza nani aliyeosha kidonda. Nikasema mimi. Akasema umefanya vizuri. Hayo maneno yalinichoma kuliko kofi. Nikamwambia yote. Sijui kwa nini, hakuniuliza. Alinisikiliza akiwa amesimama, kisha akafungua friji.

Mama Kahindo amepata sindano ya kwanza. Zinafuata nyingine, majuma mengi. Atakaa kwa mdogo wake hapa Beni, nyuma ya soko.

Wakati naaga alisema neno moja. "Jamais." Nikasema nitamlisha.

Jumapili, 9 Aprili

Nimerudi. Nilikwenda redioni jana. Mwenye redio alisema saa zote zimeshikwa, Patron amelipia matangazo hadi Pasaka. Nikasema ni jambo la maisha ya watu. Akasema nitafute njia nyingine, na asinione tena bila barua ya kamanda.

Basi leo, kanisani. Nilimwomba katekista kabla ya misa. Baada ya matangazo akanipa nafasi. Watu wengi, hadi nje. Nikasema jina langu na kazi yangu. Nikasema si docta. Nikasema nilichosema redioni ni uongo na ni mimi niliyejua kuwa ni uongo, asilaumiwe mwingine kwa maneno ya mdomo wangu. Nikasema Prince amekufa kwa larage. Nikasema kila aliyeguswa na meno yake au mate yake aende Beni, asisubiri uchungu, uchungu ukianza hakuna dawa.

Patron alikuwa benchi ya mbele na mke wake. Hakuinua uso.

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Nikarudi mahali pangu, na benchi ilikuwa imepanuka, kila upande nafasi. Sikwenda kupokea komunyo.

Nje, sentinele wa depo alinifuata, akanionyesha mkono wake. Mchubuko wa kamba, aliupata akimfunga Prince, na mate yaliugusa. Ana watoto wadogo. Ameondoka mchana huuhuu na baiskeli ya shemeji yake.

Alhamisi, 13 Aprili

Barua imetoka. Nimesimamishwa kazi, "kwa kuleta hofu kwa raia." Muhuri nimeurudisha bureau. Mkavu vilevile. Kijana mwingine ataupiga.

Nakwenda machinjioni hata hivyo. Nasimama pembeni. Mwenye bucha mmoja ananiita kwa jicho akiwa na shaka na ini. Wengine wananipa mgongo. Nachukua mifupa ya Jamais. Leo mwanamke wa supu aliniambia mbele ya watu, "Hiyo si danger, Docta?" Wakacheka. Nikacheka kidogo nao, nikajichukia, nikaondoka.

Jamais anakula polepole. Ananitazama kabla ya kila mfupa kama anayesubiri mtu mwingine atoke nyumbani.

Jumapili, 30 Aprili

Nilipita njia ya depo. Phonie ilikuwa inakoroma ndani. Nikasikia mtu anaita, "Kindu, Kindu, munatusikia?" Nilisimama. Kisha sauti ya upande ule, mbali. Mwanaume. Hesabu za mchele.

Patron alinikuta pale ukutani. Amekonda. Magunia yamelala, watu wamerudi kwenye mifupa, na wengine wamemrudishia vikopo vya krokete mlangoni. Nilidhani atanifukuza. Akasema mke wangu alikuja Jumapili iliyopita kule Kindu, akasubiri, akaambiwa hakuna anayempigia.

Nikamuuliza kama alisema kitu kuhusu mama yangu. Akasema hakuulizwa. Akaingia ndani. Mlango haukufungwa kwa nguvu. Ulifungwa tu.

Nimekaa siku nzima bila kula. Nafikiri Astrida alivyotembea kurudi nyumbani. Atafikiri nimekufa, au nimeoa huku. Siwezi kumwambia lolote kati ya haya. Na hata ningeweza, ningeanzia wapi?

Jumanne, 23 Mei

Mama Kahindo amerudi, juu ya lori la mbao. Sindano zote amepata. Mkono umefunga vizuri, kovu kama mbegu ya maharage. Sentinele pia amerudi, mzima. Alisema walikuwa wanaketi pamoja kwa zamu ya sindano, wanaongea juu ya bei ya vitu.

Nilikuwa nimefungasha vitu vyangu. Nilifikiri ndivyo inavyofaa. Godoro, sanduku, taa. Aliviona mlangoni. Akauliza nakwenda wapi. Nikasema sijui. Akauliza Jamais amekula. Nikasema amekula.

Akapita akaingia jikoni. Hakusema nibaki. Hakusema niondoke. Nilisimama uani na sanduku muda mrefu, kama mpumbavu, kisha mvua ikaja, nikaviingiza ndani.

Siku hizi ananiita kwa jina langu. Kuniita Docta ameacha.

Alhamisi, 8 Juni

Wezi wamerudi mtaani. Wameingia kwa majirani wawili waliouliwa mbwa. Sufuria, nguo, mbuzi mwenye mimba. Hakuna aliyekuja kunilaumu. Wanapita mbele ya nyumba na kusalimu kila mtu aliye uani, mmoja mmoja, na wanaponifikia wanakuwa wamemaliza.

Nawaelewa.

Usiku nasikia askari wa doria. Siwaogopi kama zamani. Naogopa asubuhi, saa ya salamu.

Jumamosi, 24 Juni

Mama Kahindo ameleta miti ya mikaratusi kwa kigari cha mbao, chukudu, miti mirefu, bado inanukia. Jamais amezeeka, hatoshi peke yake. Anataka uzio kuzunguka uwanja wote.

Alianza kuchimba mashimo asubuhi bila kumwita mtu. Nilikuwa mlangoni kwangu. Aliinua mti wa kwanza, ukayumba, akauweka chini. Akauinua tena. Kisha akasema jina langu, bila kugeuka.

Nikaenda nikaushika. Akamwaga mawe shimoni, akamwaga udongo, akakanyaga kwa kisigino. Mkono wenye kovu ulikuwa karibu na uso wangu. Sikuutazama. Baadaye niliutazama.

"Shika vizuri," alisema.

Nikashika vizuri.

Tulifanya hivyo mchana wote, mti baada ya mti. Jua lilitoka kidogo. Mwanamke mmoja akapita barabarani na beseni la viazi, akamsalimu, akamuuliza mbona asichukue fundi. Mama Kahindo akasema huyu anatosha.

Tumemaliza upande wa shamba. Upande wa barabara bado. Mikono yangu ina malengelenge, na utomvu wa ile miti hautoki kwa maji.